Wikipedia Haina Mhariri Mkuu: Adabu Anazopaswa Kuzijua Mchangiaji Mgeni

Mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kufungua makala ya Wikipedia ya Kiswahili, akabonyeza "Hariri", akaongeza aya nzima kuhusu kata aliyozaliwa, kisha akabonyeza "Chapisha mabadiliko", na papo hapo maandishi yake yakasomeka Tanga, Lubumbashi na Maskati bila mtu mwingine kuyapitia kwanza. Urahisi huo ndio unaowapotosha wengi. Saa chache baadaye mchangiaji huyo anarudi kuitazama kazi yake na kukuta aya yote imeondolewa na mtu asiyemfahamu, ambaye ameacha maneno mawili tu ya maelezo: "haina chanzo". Wengi huishia hapo. Huondoka wakiamini kwamba Wikipedia ni mali ya kikundi fulani kisichotaka wageni, na baadhi yao huyasema hayo kwa hasira kila wanapopata nafasi.

Malalamiko hayo yanaeleweka, lakini kwa maoni yangu mara nyingi si ya haki. Aliyeiondoa aya ile huenda hana cheo chochote. Aliyeandika na aliyefuta walikuwa na uwezo uleule na haki ileile, ila mmoja wao aliyajua mazoea ya mahali hapo na mwingine hakuyajua. Mazoea yenyewe hayakufichwa. Yameandikwa, isipokuwa yametawanyika katika kurasa nyingi, nyingi zikiwa za Kiingereza, na mgeni hukutana nayo pale tu anapokuwa ameshayavunja. Ndiyo maana inafaa kuyaeleza kwa kuanzia kwenye sababu zake, kwa kuwa adabu ya Wikipedia ikikaririwa bila sababu huonekana kuwa ukorofi mtupu.

Ukaguzi unaokuja baada ya kuchapisha

Kabla ya Wikipedia kulikuwa na Nupedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanzishwa mwaka 2000 na Jimmy Wales, ambayo mhariri wake mkuu alikuwa Larry Sanger. Kila makala ya Nupedia ilipaswa kupita hatua saba za ukaguzi mikononi mwa wataalamu kabla ya kuchapishwa, na matokeo yake yalikuwa makala chache mno kwa kazi kubwa mno. Wikipedia ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 kama mradi wa kando, mahali ambapo rasimu zingeandikwa haraka na mtu yeyote. Mradi wa kando ukamshinda mzazi wake: Nupedia ilifungwa mwaka 2003, mwaka uleule ambao Wikipedia ya Kiswahili ilianza, na leo hii toleo letu lina makala zaidi ya 80,000.

Ni kosa kudhani kwamba ukaguzi ulifutwa pamoja na Nupedia. Ulihamishwa tu. Badala ya kufanywa mlangoni na wataalamu wachache, sasa unafanywa ndani, baada ya kuchapisha, na yeyote anayepita. Wakfu wa Wikimedia, wenye makao yake Marekani, unaendesha mitambo na kulinda jina, lakini hauandiki makala wala hauamui nani ana haki katika ubishi kuhusu mwaka wa kuzaliwa wa mwanamuziki fulani. Hata wale wanaoitwa wakabidhi katika Wikipedia ya Kiswahili, yaani wachangiaji waliochaguliwa na wenzao na kupewa uwezo wa kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia waharibifu, hawana kauli ya mwisho juu ya yaliyomo. Sauti yao katika suala la ukweli wa sentensi ina uzito sawa na ya mwanafunzi aliyejisajili jana, ili mradi mwanafunzi huyo ana chanzo.

Mahali pasipo na mhariri mkuu hapana budi pawe na kitu kingine cha kuzuia fujo, na hicho ndicho tunachokiita adabu. Kila desturi nitakayoieleza hapa chini imetokana na swali moja la kiutendaji: watu wasiofahamiana, wasioonana, na ambao hakuna anayemlipa mwenzake, watawezaje kuandika ukurasa mmoja bila kuharibiana kazi?

Kubadili tarakimu moja

Tuchukue mfano mdogo kabisa. Makala nyingi za Kiswahili kuhusu Tanzania ziliandikwa wakati takwimu mpya zilikuwa za sensa ya mwaka 2012, iliyohesabu watu 44,928,923. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mgeni anayeikuta tarakimu ya zamani anaona jambo rahisi: afute ile, aweke hii, aondoke. Naye mtu anayefuatilia ukurasa wa "Mabadiliko ya karibuni" anaona kitu tofauti kabisa. Anaona jina asilolijua limebadilisha tarakimu kubwa katika makala inayosomwa sana, bila neno hata moja la maelezo, na chanzo kilichopo chini ya sentensi bado ni kile cha 2012. Kubadili tarakimu kimyakimya ni uharibifu unaopendwa sana na wakorofi, kwa sababu ni mgumu kuutambua. Basi mfuatiliaji anatengua, yaani anairudisha makala ilivyokuwa kabla ya badiliko hilo.

Sasa tazama badiliko lilelile likifanywa na mtu anayejua mazoea. Anaandika tarakimu mpya pamoja na mwaka wake, "kadiri ya sensa ya mwaka 2022", kwa sababu idadi ya watu isiyo na mwaka haina maana baada ya muda mfupi. Anaondoa rejeo la zamani na kuweka la ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ikiwa makala inaeleza ukuaji wa idadi ya watu, anaiacha tarakimu ya 2012 mahali pake, maana haikuwa kosa. Ni ya kweli kwa mwaka wake. Kabla ya kuchapisha anatazama hakikisho, yaani ukurasa utakavyoonekana, ili kuona kama hajavunja jedwali. Mwisho, katika kisanduku cha "Muhtasari" anaandika: "Nimesasisha idadi ya watu kwa sensa ya 2022, chanzo kimewekwa." Maneno kama kumi hivi. Hakuna atakayeyatengua, na kama yuko mwenye shaka, atakwenda kwenye chanzo badala ya kumshuku mtu.

Kisanduku hicho cha muhtasari ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote, nami nakihesabu kuwa nusu ya adabu yote ya Wikipedia. Kila ukurasa una sehemu iitwayo "Historia", na humo kila badiliko limehifadhiwa tangu siku ukurasa ulipoanzishwa: nani, saa ngapi, aliongeza nini, aliondoa nini. Muhtasari ndio sauti yako katika kumbukumbu hiyo. Anayeuacha mtupu anamlazimisha mwenzake akisie nia yake. Anayeuandika kwa uongo, kwa mfano anaweka alama ya "badiliko dogo" au kusema "nimesahihisha tahajia" huku ameondoa aya nzima kuhusu kashfa ya mwanasiasa, hushikwa kwa kubonyeza mara moja tu, na kuanzia hapo kila anachogusa kitaangaliwa kwa jicho la tahadhari.

Kutenguliwa si kutukanwa

Mtu akitengua kazi yako, hatua ya kwanza ni kusoma sababu aliyoitoa. Hatua ya pili, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, si kuirudisha kazi ile vilevile ilivyokuwa. Desturi iliyoenea ni kwamba una uhuru wa kuhariri kwa ujasiri bila kuomba ruhusa. Ukitenguliwa, uhuru huo umekwisha kwa kipande kile, na sasa ni zamu ya kuzungumza kwenye ukurasa wa "Majadiliano" uliopo pembeni mwa kila makala. Kurudisha na kutengua, kurudisha na kutengua, huitwa vita vya uhariri, na katika vita hivyo haijalishi nani yuko sahihi. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni kali inayokataza mtu mmoja kutengua zaidi ya mara tatu katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, na anayeivuka anaweza kuzuiwa kuhariri hata kama ukweli uko upande wake. Jumuiya nyingine, zikiwemo ndogo kama ya kwetu, hutegemea zaidi busara ya wakabidhi kuliko hesabu, lakini roho ya kanuni ni ileile.

Urefu wa Mlima Kilimanjaro unafaa kuonyesha jinsi ubishi kama huo unavyomalizika. Vitabu vya shule, na hata kibao kilichopo kileleni Uhuru, vinasema mita 5,895, kipimo kinachotokana na upimaji wa mwaka 1952. Upimaji uliofanywa kwa setilaiti mwaka 1999 ulitoa mita 5,892. Mchangiaji mmoja anaweka ya kwanza, mwingine anaweka ya pili, kila mmoja ana chanzo, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mjinga au mkaidi. Wakiendelea kutenguana wanaweza kukesha. Wakienda kwenye majadiliano watagundua, pengine ndani ya ujumbe mmoja au miwili, kwamba hawalazimiki kuchagua: makala inaweza kusema kwamba kipimo kinachotumika zaidi ni kile cha 1952 na kwamba upimaji wa baadaye ulipata mita tatu pungufu. Msomaji anapata zaidi ya alichotaka kumpa yeyote kati yao. Ubishi mwingi wa Wikipedia, ukiondoa hasira, ni wa namna hii.

Nyuma ya desturi hii kuna kanuni ambayo kwa Kiswahili tungeiita kumdhania mwenzako wema. Aliyefuta aya yako chukulia kwamba anaijali kamusi elezo, mpaka atakapoonyesha kwa matendo kwamba haijali. Kanuni hii haikutazamii uwe mjinga: anayeandika matusi katika makala kumi mfululizo hahitaji kudhaniwa wema. Inachokudai ni kwamba usianze na tuhuma. Sentensi kama "Naona umeondoa aya kuhusu historia ya kata, je, tatizo ni chanzo au ni namna nilivyoandika?" hupata jibu. Sentensi kama "Nyinyi mnaojifanya wenye Wikipedia" hupata kimya, na kimya hicho hutafsiriwa kuwa kiburi, na mambo yakaharibika.

Heshima zetu na lugha ya kamusi elezo

Kuna jambo linalowatatiza waandishi wa Kiswahili kuliko wengine, na sijaliona likielezwa vya kutosha. Adabu tuliyolelewa nayo inatutaka tumtaje mkubwa kwa cheo chake na marehemu kwa heshima yake. Tunaandika Mheshimiwa, Alhaji, Mchungaji, Hayati, Baba wa Taifa. Tunasema fulani ametangulia mbele ya haki. Mwislamu akimtaja Mtume humswalia. Mtu aliyelelewa vizuri anapoandika makala bila mambo hayo anajihisi kama ameingia ukumbini bila kubisha hodi. Kisha anakuja mhariri na kuyafuta yote, na kubakiza sentensi kavu: "Julius Kambarage Nyerere (13 Aprili 1922 – 14 Oktoba 1999) alikuwa rais wa kwanza wa Tanzania."

Aliyefuta hakumvunjia Mwalimu heshima. Kamusi elezo inasomwa na waliompenda, waliompinga na wasiowahi kumsikia, na wote hao wanapaswa kuiamini kwa kiwango kimoja. Neno la kumtukuza mtu, hata likiwa la haki, ni hukumu ya mwandishi, na mwandishi wa Wikipedia hapaswi kuonekana. Njia ya kuihifadhi heshima hiyo ipo, nayo ni kuieleza kama habari: Watanzania humwita Baba wa Taifa. Hiyo ni kweli, ina vyanzo visivyo na idadi, na kila msomaji anaweza kuikubali, hata yule asiyemwita hivyo. Ukijifunza ufundi huu mmoja, wa kuhamisha hukumu kutoka mdomoni mwako na kumpa mwenyewe, umeshajifunza sehemu kubwa ya kile kinachoitwa msimamo usioegemea upande.

Pagumu zaidi ni pale ambapo pande mbili zina maneno yanayopingana. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 huitwa rasmi Mapinduzi Matukufu; mtoto wa familia iliyokimbilia Oman wakati ule hawezi kuliandika neno hilo, na pengine atapenda kuandika mauaji. Idadi ya waliokufa inatofautiana mno kutoka mwandishi hadi mwandishi, kuanzia mamia hadi maelfu mengi. Hapa hakuna mita tatu za kupatanisha. Kinachowezekana ni kuandika mapinduzi bila sifa, kusema kwamba serikali huyaadhimisha kwa jina lile, kutaja makadirio ya vifo pamoja na nani aliyakadiria, na kujizuia kuchagua kati yao kwa sababu tu moja linaumiza kidogo kuliko jingine. Makala ya namna hiyo haitamfurahisha mtu wa upande wowote. Nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Babu alikuwepo

Papo hapo huzuka hoja ambayo ni ya kweli na ni ya kwetu: "Mimi babu yangu alikuwepo, alinisimulia." Wikipedia haichapishi utafiti mpya, hukusanya yale yaliyokwisha kuchapishwa mahali panapoaminika, ili msomaji aweze kwenda kuhakiki. Simulizi ya babu haiwezi kuhakikiwa na msomaji aliyeko Bujumbura, hata kama babu ni mkweli kuliko magazeti yote.

Si siri kwamba kanuni hii inaibana Afrika kuliko Ulaya, ambako hata kanisa la kijiji lina vitabu vitatu vya kulieleza. Mwaka 2011 ulifanyika mradi wa majaribio nchini India na Afrika Kusini wa kurekodi masimulizi ya watu na kuyatumia kama marejeo, kwa hoja kwamba maarifa mengi ya dunia hayajawahi kuandikwa. Wazo hilo lilizua mjadala mrefu, na halikuwa desturi ya kawaida. Mpaka hapo litakapokubalika, mchangiaji anayetaka habari za ukoo au mji wake ziingie Wikipedia afanye kazi ya hatua mbili: kwanza simulizi ichapishwe kwingine, katika gazeti, jarida la chuo au kitabu chenye mhariri, kisha irejewe. Na vyanzo vilivyopo si vichache kama tunavyopenda kulalamika. Kuna tasnifu za vyuo vikuu, ripoti za sensa, magazeti kama Mwananchi na Taifa Leo, majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vingi havisomwi kwa kuwa vimo maktaba, wala si kwa kuwa havipo.

Kujiandika mwenyewe

Makala zinazofutwa haraka kuliko zote ni za watu waliojiandika wenyewe, au walioandikwa na ndugu, meneja, katibu au msemaji wao. Msanii ana nyimbo mbili mtandaoni, anafungua ukurasa wa wasifu wake, anaweka namba ya simu kwa ajili ya kazi za maonyesho. Kipimo cha Wikipedia si ubora wa mtu wala ndoto zake. Ni kama waandishi wengine wasiomtegemea wamekwisha kuandika habari zake kwa kina. Kama hawajaandika, makala haitakaa, na kubishana na mkabidhi ni kupoteza muda wa wote wawili.

Anayeandika kuhusu mwajiri wake hakatazwi kabisa, ila anatakiwa kujitambulisha. Tangu Juni 2014 masharti ya matumizi ya Wakfu wa Wikimedia yanamtaka kila anayelipwa kwa kuhariri atangaze nani anamlipa. Njia ya kistaarabu ni kuandika hivyo kwenye ukurasa wako wa mtumiaji na kupendekeza mabadiliko katika majadiliano, kisha kumwachia mwingine ayaingize. Na ukifuatwa na mtu anayekuahidi kukufungulia ukurasa au kuulinda kwa malipo, mkimbie. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizuia akaunti 381 za mtandao mmoja wa watu waliokuwa wakiwatoza fedha wafanyabiashara wadogo na wasanii kwa kazi hiyohiyo, tena wakirudi baadaye kuwadai zaidi ili ukurasa "usiguswe".

Kwa habari za watu walio hai tahadhari ni kubwa zaidi, na ina historia. Mwezi Mei 2005 mtu mmoja aliandika kwa mzaha, katika makala ya Kiingereza kuhusu mwanahabari mstaafu John Seigenthaler, kwamba aliwahi kushukiwa kuhusika katika mauaji ya John na Robert Kennedy. Uongo huo ulikaa zaidi ya miezi minne kabla ya kugunduliwa, na Seigenthaler alipoueleza hadharani Wikipedia ilipata aibu kubwa iliyochangia wasiojisajili kuzuiwa kuanzisha makala mpya katika toleo hilo. Tangu hapo desturi ni moja: tuhuma juu ya mtu aliye hai isiyo na chanzo madhubuti huondolewa mara moja, bila kusubiri majadiliano. Uvumi wa mitaani kuhusu mbunge wa jimbo lako, hata ukiwa unajulikana na wote sokoni, hauna nafasi.

Tafsiri za haraka

Makala nyingi za Wikipedia ya Kiswahili huzaliwa kwa tafsiri kutoka Kiingereza, na hakuna ubaya. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni huria ya Creative Commons inayoruhusu kunakili na kutafsiri kwa sharti la kuwataja waliotangulia. Kwa hiyo muhtasari wa badiliko la kwanza utaje makala iliyotafsiriwa na lugha yake. Ruhusa hiyo haihusu blogu, magazeti wala picha zilizookotwa kwenye Google, ambazo zina wenyewe.

Ubaya uko katika tafsiri ya mashine inayobandikwa bila kusomwa. Msomaji huikuta sentensi isemayo fulani "aliinuliwa Mombasa" na kujiuliza aliinuliwa na nini, mpaka akumbuke kwamba mashine ilishindwa kusema alilelewa. Kati ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yaliingia, mengine mazuri, lakini zawadi zilipokwisha kutolewa washiriki wengi hawakurudi, na kazi ya kunyoosha lugha ikabaki kwa wachache waliokuwepo tangu mwanzo. Naamini hiyo ndiyo dosari ya kila shindano linalohesabu wingi wa kurasa: jumuiya ndogo inapewa deni la masahihisho ambalo haikuliomba.

Kwamba deni la namna hiyo linaweza kuizamisha kamusi elezo nzima ilionekana Agosti 2020, ilipobainika kwamba maelfu kwa maelfu ya makala katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu na Kiingereza, yaliandikwa na kijana mmoja Mmarekani asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akibadili tahajia za Kiingereza tu. Alianza akiwa mtoto, kwa nia njema, na kwa miaka mingi hakuna aliyemkemea kwa kuwa wenye lugha hawakuwepo kuangalia. Ukiona makala ya Kiswahili kibovu, kuirekebisha ni adabu kubwa kuliko kuanzisha nyingine mpya.

Salamu, saini na lahaja

Kwenye ukurasa wa majadiliano, mada mpya huwekwa chini kabisa, na kila ujumbe humalizika kwa saini, ambayo hupatikana kwa kuandika alama nne za mawimbi, ~~~~. Programu yenyewe huzigeuza kuwa jina lako, tarehe na saa. Ujumbe usio na saini huwaacha wasomaji wakiuliza nani kasema. Maneno ya mwenzako hayafutwi wala kusahihishwa, hata yakiwa na makosa ya tahajia. Jambo ninalolipenda katika kurasa zetu ni kwamba salamu hazijafa: watu huandika "Salaam ndugu" kabla ya kuuliza kwa nini makala ilifutwa, wakati kwa Kiingereza huingia moja kwa moja kwenye hoja. "Ndugu" ni neno salama, maana hujui kama unayezungumza naye ni mzee wa miaka 70 au mwanafunzi wa sekondari, na hupaswi kudai uzito wa hoja kwa umri wako.

Lahaja nazo zina adabu yake. Mwandishi wa Kenya huandika tarakilishi, wa Tanzania huandika kompyuta, na wa Kongo ana mazoea yake pia. Si uungwana kuipitia makala ya mwenzako ukibadili kila neno lifanane na la kwenu, kwa kisingizio cha kusahihisha. Iliyoanzishwa kwa msamiati fulani iachwe nao, na neno jingine litajwe pale ambapo msomaji anaweza kukwama. Juu ya desturi hizi za kila toleo, tangu 2021 kuna Kanuni za Maadili za miradi yote ya Wikimedia, zinazokataza matusi, vitisho na kufichua habari za siri za mtu mwingine.

Limebaki jambo moja ambalo mgeni hulichukulia kuwa adhabu ilhali si lake. Kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya mtandao, na vivinjari kama Opera Mini hupitisha mawasiliano kwenye mitambo ya kati. Mharibifu mmoja akizuiwa, mamia wasio na hatia hukuta ujumbe kwamba hawaruhusiwi kuhariri, na wachangiaji wa Afrika wamelilalamikia hilo kwa miaka. Ukikutana nao, usifungue akaunti ya pili na ya tatu kujaribu kupenya, kwa kuwa kutumia akaunti nyingi kukwepa zuio kwenyewe ni kosa. Jaribu kivinjari kingine au mtandao mwingine, ingia kwa akaunti yako, na kama bado umefungiwa, soma ujumbe wa zuio hadi mwisho. Humo mna jina la aliyezuia, sababu, na namba ya zuio. Inakili namba hiyo, na uitaje unapomwandikia mkabidhi kwenye ukurasa wako wa majadiliano, ambao mara nyingi huachwa wazi hata kwa aliyezuiwa.